TUNDU LA WAYA NI MLANGO WA MOTO

Wahenga walinena kwamba usipoziba ufa utajenga ukuta. Methali hii tumeifanyia mitihani tangu shule ya msingi, tumeiandikia insha, na wengine wetu tumeikariri hadi tukaacha kuisikia. Lakini wahenga wale hawakuwa na stima. Laiti wangalikuwa nayo, nadhani wangalituongezea neno moja kuhusu tundu. Maana ufa huja wenyewe bila kualikwa, lakini tundu la waya hutobolewa na mtu aliyelipwa, mchana kweupe, kisha likaachwa wazi miaka nenda miaka rudi.

Najua kuna atakayetaka kugeuza ukurasa haraka ili atafute vitendawili. Ngoja kidogo, ndugu yangu. Hebu kwanza inua macho hapo ulipoketi, uutafute waya wa balbu inayokumulika. Ufuate. Utaona umeingia darini au umepenya ukutani. Sasa angalia pale unapopenya. Je, ukuta umeushika waya sawasawa, au kuna giza jeusi pembeni mwake, mahali ambapo kidole chako kinaweza kuingia? Kama kuna giza, basi makala haya yanakuhusu.

Tundu hilo lilifikaje hapo? Fundi wa stima akifika kwenye mjengo huzikuta kuta zimekwisha kusimama. Huchukua tindo na nyundo, siku hizi drili, akatoboa. Hatoboi tundu la kutosha paipu tu, la hasha. Hutoboa kubwa ili paipu ipite bila kumsumbua, na pia kwa sababu jiwe likigongwa tindo hubanduka lipendavyo lenyewe. Anapitisha paipu, anavuta nyaya, anajaribu balbu, inawaka, analipwa, anaenda zake. Ukimwuliza habari za tundu atakwambia yeye ni mtu wa stima, mambo ya simiti ni ya fundi wa mawe. Fundi wa mawe naye alishamaliza, yuko kwenye mjengo mwingine. Mpaka rangi hupitisha burashi pembeni mwa tundu kana kwamba ni pambo. Landilodi yeye hutazama kama balbu inawaka. Mpangaji akiingia hutundika kalenda mbele yake, na maneno yameisha. Kwa hivyo tundu linabaki halina mwenyewe.

Na usifikiri ni stima peke yake. Kuna waya wa dishi la televisheni, waya wa intaneti, waya wa kengele ya lango na wa kamera za ulinzi. Kila anayekuja huja na drili yake, na kila anayeondoka huondoka nayo, lakini tundu hulitua hapo.

Sasa mtu atasema, "Ah, kitundu tu! Moto utapitaje hapo?" Tupige hesabu ndogo, ile ile ya eneo la duara. Tuseme fundi ametoboa tundu lenye kipenyo cha sentimita 5, akapitisha paipu yenye kipenyo cha milimita 20, ambayo ndiyo tunayoiona sana majumbani. Eneo la tundu ni kama sentimita mraba 19.6. Eneo la paipu ni kama 3.1. Kilichobaki wazi ni sentimita mraba 16.5. Yaani zaidi ya sehemu nne kwa tano za tundu hilo si njia ya waya kamwe, ni hewa tupu. Nyumba yenye matundu kumi ya namna hiyo ina uwazi wa sentimita mraba 165 uliotawanyika kutani. Ukiukusanya mahali pamoja, unapata dirisha lenye ukubwa wa zaidi ya nusu ya ukurasa wa daftari la A5. Hakuna mtu anayeweza kujenga nyumba akaacha dirisha kama hilo kati ya jikoni na chumba cha watoto, lakini likigawanywa mara kumi hakuna anayeliona.

Tena hewa ya moto si hewa iliyotulia. Wale waliomsikiliza mwalimu wa Fizikia watakumbuka sheria ya Charles: gesi ikipashwa joto hutanuka kulingana na joto lake kwa Kelvini. Chumba chetu cha kawaida kina nyuzi 27 za Selsiasi, yaani Kelvini 300. Moto uliopamba vizuri chumbani huvuka nyuzi 600. Tukiiweka kwenye nyuzi 627, ambazo ni Kelvini 900, basi hewa ile ile sasa inataka nafasi mara tatu ya ile iliyokuwa nayo. Itaenda wapi? Itasukuma kila mahali penye upenyo. Na kwa kuwa hewa ya moto hupanda, msukumo huo huwa mkubwa sehemu ya juu ya chumba, karibu na dari. Sasa niambie, matundu ya waya mengi yako wapi? Ni huko huko juu. Kule chini moto huvuta hewa safi ya kuutilia nguvu, kule juu husukuma nje moshi na joto.

Ukuta wenyewe hauna kosa. Ukuta wa mawe uliojengwa vyema unaweza kuuzuia moto kwa saa moja au zaidi, muda wa kutosha kuwaamsha majirani, kuwatoa wazee na watoto, hata wazimamoto wakafika. Maabara zinazopima kuta huziweka mbele ya tanuri linalofikia kama nyuzi 840 baada ya nusu saa, na kama nyuzi 945 baada ya saa moja. Jiwe linastahimili. Lakini paipu ya plastiki iliyopita katika jiwe hilo haistahimili. Hulainika, ikainama, ikayeyuka, na lile tundu ambalo paipu ilikuwa imelijaza kidogo sasa likabaki wazi lote. Plastiki yenyewe, ambayo ni ile ya PVC, ikiungua hutoa gesi ya haidrojeni kloraidi. Gesi hii ikikutana na unyevu wa macho na mapafu hugeuka kuwa asidi. Halafu kuna kaboni monoksaidi, isiyo na rangi wala harufu, ambayo hushikamana na himoglobini ya damu kwa nguvu zaidi ya mara 200 kuliko oksijeni. Mtu aliyelala chumba cha pili huweza asizinduke kabisa. Hajaguswa na ulimi hata mmoja wa moto.

Kwa hivyo tunapozungumza juu ya kuziba tundu, tunazungumza zaidi juu ya moshi kuliko miali. Mwaka 1980, tarehe 21 Novemba, hoteli ya MGM Grand mjini Las Vegas huko Marekani iliwaka. Moto ulianzia kwenye hitilafu ya umeme ndani ya ukuta wa mkahawa, katika orofa ya chini. Watu 85 walikufa, na wengi wao walikuwa katika orofa za juu sana, mbali na moto wenyewe. Moshi ndio uliowafuata, kupitia mashimo ya lifti, ngazi na nyufa zilizoachwa wazi kati ya sehemu za jengo.

Maadamu tumefika Marekani, tukae huko kidogo, kwa sababu kuna kisa kimoja cha tundu la waya ambacho mimi nikikisoma hushika kichwa. Kilitokea katika kituo cha Browns Ferry, jimbo la Alabama, kando ya mto Tennessee. Kituo hiki huzalisha umeme kwa nguvu za nyuklia. Siku yenyewe ilikuwa Jumamosi, tarehe 22 Machi 1975, kama saa sita na dakika ishirini mchana.

Chini ya chumba cha kuongozea mitambo kulikuwa na chumba kilichojaa nyaya, maelfu kwa maelfu, zilizotoka kwenye swichi za waongozaji zikipenya ukutani kuelekea jengo la mtambo wa nyuklia. Jengo hilo la mtambo huwekwa makusudi likiwa na shinikizo dogo la hewa kuliko nje, ili hewa iingie tu, isitoke na vumbi la nyuklia. Basi kila tundu la waya lilipaswa kuzibwa kabisa. Mafundi walikuwa na kazi hiyo hiyo ambayo mimi nawahimiza muifanye: kutafuta matundu yanayovuja na kuyaziba. Hawa hawakuwa wavivu hata kidogo.

Walijuaje kama tundu linavuja? Walisogeza mshumaa uliowashwa. Mwali ukilala kuelekea tundu, hewa inavutwa, tundu linavuja. Na walilijaza tundu kwa nini? Kwa vipande vya sponji ya poliyurethani, ndugu ya ile tunayolalia kwenye magodoro. Siku mbili kabla ya siku hiyo, moto mdogo ulikuwa umekwisha kutokea kwa namna hiyo hiyo, ukazimwa, kazi ikaendelea.

Jumamosi hiyo fundi alisokomeza sponji katika tundu moja, akasogeza mshumaa karibu ili kulijaribu. Hewa ilikuwa ikivutwa kwa nguvu upande wa pili. Mwali ukafyonzwa ndani, sponji ikashika. Walijaribu kuupiga moto kwa tochi, wakajaribu matambara, wakaleta mitungi ya kuzimia moto. Ile gesi ya mtungi ilifyonzwa na tundu lile lile, ikapita moja kwa moja hadi upande wa pili bila kuuzima moto. Na moto nao ulikuwa umekwisha kuvuka. Ulikuwa sasa ndani ya jengo la mtambo, ukikimbia juu ya nyaya zilizopangwa kwenye trei zilizoinuliwa juu kabisa, mahali pagumu kufikiwa.

Uliwaka kwa muda wa saa saba hivi. Nyaya zaidi ya 1,600 ziliharibika. Kule juu katika chumba cha kuongozea, taa za ishara zikaanza kuwaka na kuzima zenyewe, na pampu za kupoza mtambo mmoja zikakataa kutii, kwa kuwa nyaya za kuziamrisha zilikuwa zikiungua. Waongozaji ilibidi watafute pampu nyingine ambazo hazikukusudiwa kazi hiyo ili wapate kupeleka maji ya kuupoza mtambo. Mkuu wa wazimamoto wa mji wa jirani, Athens, alikuwa ameshauri mapema kwamba moto uzimwe kwa maji. Wenye kituo wakaogopa maji na umeme havipatani, wakaendelea na mitungi yao hadi jioni. Walipokubali maji mwishowe, moto haukuchukua muda, ukazimika. Ilikuwa kama saa mbili kasorobo za usiku. Alhamdulillahi, hakuna aliyekufa, wala sumu ya nyuklia haikuwadhuru watu wa nje. Mwaka 1980 serikali ya Marekani ikapitisha kanuni mpya za kuzuia moto katika vituo vya aina hiyo, na matundu ya waya yalikuwa miongoni mwa mambo yaliyotiliwa mkazo.

Kisa hiki kinanipa jambo ambalo watu wetu hawalitilii maanani. Kuziba tundu si kulijaza tu. Ukilijaza kwa kitu kinachoshika moto, umelitia utambi. Na sisi hapa tunalijaza kwa nini? Gazeti lililokunjwa. Kipande cha gunia. Karatasi ya plastiki iliyosokotwa. Gunzi la mahindi. Kitambaa cha shati kuukuu. Nimeona hata soksi. Nia ilikuwa njema, kuzuia baridi na mbu wasiingie, lakini mbele ya moto vitu hivyo ni kuni kavu zilizopangwa ndani ya ukuta.

Majuma matano tu kabla ya Browns Ferry, tarehe 13 Februari 1975, kulikuwa na moto mwingine mjini New York, katika mnara wa kaskazini wa World Trade Center, ile minara iliyokuja kuangushwa mwaka 2001. Moto ulianza usiku katika orofa ya 11. Sakafu za jengo lile zilikuwa za zege, hazikuungua. Lakini ndani ya kijichumba cha nyaya za simu sakafu zilikuwa zimetobolewa ili nyaya zipande kutoka orofa moja hadi nyingine, na pembeni mwa nyaya hapakuzibwa. Moto ukapanda kwa ngazi hiyo ukafika orofa nyingine.

Sasa rudi nyumbani. Ingia katika fleti yoyote ya orofa tano au sita katika miji yetu, usimame penye ngazi, mahali ambapo mita za stima zimepangwa. Tazama juu ya mita, pale ambapo nyaya zinapanda. Mara nyingi utaona shimo limekatwa katika sleb, refu kama mkono, na nyaya kumi au ishirini zimepita hapo kama mkia wa farasi. Chungulia uone, huenda ukaona mwanga wa orofa ya juu. Na ngazi hiyo ndiyo njia ya pekee ya kutokea. Yaani moshi na wapangaji wanatumia njia moja, mmoja akipanda, wengine wakitaka kushuka. Mimi nikiambiwa nichague tundu moja tu la kuziba katika jengo zima, ningechagua hilo, niyaache ya vyumbani kwa kesho.

Katika ploti zetu za vyumba vya kupanga, vile vya mstari mmoja chini ya paa moja la mabati, mambo ni mengine tena. Hapo kuna ukweli ambao haupendezi. Mara nyingi ukuta kati ya chumba na chumba hauendi hadi kwenye mabati. Huishia darini. Juu ya dari, kuanzia chumba nambari 1 hadi nambari 10, ni uwanja mmoja mrefu wa mbao, vumbi, nyaya na viota vya panya. Moto ukipenya dari ya chumba kimoja, hauhitaji tundu la waya ukutani, una barabara kuu juu ya vichwa vya watu. Katika ploti ya namna hiyo, tundu lililo karibu na holda ya balbu ndilo linalohesabika, kwa kuwa ndilo linalounganisha chumba na barabara hiyo. Lakini tusidanganyane: kuziba tundu la dari ya sofutibodi ni kununua dakika chache tu, kwa sababu sofutibodi yenyewe inaungua. Mwenye ploti anayetaka kufanya jambo la maana na apandishe kuta hadi zikutane na mabati, walau baada ya kila vyumba viwili. Halafu ndipo tuzungumze matundu.

Wala sidai kwamba matundu ndiyo yanayoua zaidi. Usiku wa kuamkia tarehe 26 Machi 2001, wavulana 67 waliangamia katika bweni la Shule ya Upili ya Kyanguli, Machakos. Moto ule uliwashwa kwa petroli, mlango mmoja ulikuwa umefungwa, na madirisha yalikuwa na vyuma. Hapo hakuna tundu la waya lililohusika. Mlango unaofunguka kwa urahisi unakuja kabla ya mambo mengine yote, na atakayeziba matundu huku akifunga mlango wa bweni kwa kufuli kutoka nje hajafanya lolote.

Haya, tuzibe kwa nini? Kwa ukuta wa mawe au matofali, dawa ya kwanza haina gharama: ni ule ule mchanganyiko wa simiti na mchanga uliojengea ukuta. Tundu la sentimita 5 halimalizi hata kopo moja la uji wa simiti. Futa vumbi kwanza, lowesha jiwe kwa maji ili lisinyonye unyevu wa simiti, kisha shindilia kwa mwiko mdogo au kwa kijiti kutoka pande zote mbili za ukuta. Neno pande zote mbili nalitilia mkazo. Wengi hupaka upande wa sebuleni ambao wageni wanauona, upande wa darini wakauacha, na katikati ya ukuta kukabaki pango. Simiti ya unene wa kucha si kizibo, ni poda ya usoni.

Waya usifungiwe ndani ya simiti hivi hivi ukiwa uchi. Upite ndani ya paipu, ili siku ukiharibika uweze kuvutwa na kubadilishwa bila kubomoa. Lakini hapa kuna mtego: watu huziba nje ya paipu wakasahau ndani yake. Paipu tupu yenye waya mmoja mwembamba ni bomba la moshi. Mdomo wake unahitaji kizibo laini. Kuna kandiko maalumu linalouzwa katika maduka makubwa ya vifaa vya ujenzi, ambalo likipata joto huvimba mara nyingi zaidi ya ukubwa wake, likaijaza nafasi ambayo plastiki imeiacha ilipoyeyuka. Bei yake si ya kila mfuko, na kwa nyumba ya chumba kimoja sioni haja ya kukopa ili ulinunue. Lakini kwa lile shimo la fleti penye mita, mwenye jengo hana udhuru.

Kuna pia pamba ya mawe. Hii hutengenezwa kwa mawe yaliyoyeyushwa yakavutwa kuwa nyuzi, nayo haiungui. Husokomezwa tundu kubwa kwanza, kisha simiti au kandiko likapakwa juu. Na kuna jipsamu, ile ya dari nyeupe za kisasa. Jipsamu ina siri nzuri ambayo wanakemia wetu wanaweza kuihakikisha kwa kalamu: kila molekuli yake ya kalisi salfeti imeshikana na molekuli mbili za maji. Ukijumlisha, masi ya molekuli nzima ni 172, na ya maji ni 36. Kwa hivyo asilimia 21 hivi ya bodi ile kavu ni maji! Moto ukija lazima kwanza uyafukuze maji hayo, na kazi hiyo huuchelewesha. Mahali pa ndani pasipofikiwa na mvua, tundu dogo katika dari ya jipsamu huzibwa vizuri kwa jipsamu yenyewe iliyokorogwa.

Kitu ambacho ningekuonya nacho ni lile povu la kopo linalopulizwa, likavimba likajaza tundu kwa sekunde chache. Mafundi wanalipenda kwa sababu ni rahisi na linapendeza. Lakini povu hilo la kawaida ni poliyurethani, ile ile ya Browns Ferry. Liko la aina iliyotengenezwa kustahimili moto, lakini hata hilo limepimwa kwa nyufa za ukubwa fulani tu, na maandishi ya kopo husema ni zipi. Asiyesoma kopo asipulize.

Matundu ya soketi nayo yana ujanja wake. Fundi hupenda kuweka soketi ya chumba hiki mgongoni mwa soketi ya chumba kile ili apunguze waya. Anachimba ukuta wa inchi sita kutoka pande zote mbili, na masanduku mawili yanakutana katikati. Ukifungua kifuniko (usifungue, nakueleza tu) huweza kumsikia jirani akikohoa. Ni heri soketi mbili zipishane. Na kama zimekwisha kuwekwa hivyo, kazi ya kuzirekebisha si ya mwanafunzi wala ya mwenye nyumba. Stima yetu ni ya volti 240, haina mchezo. Zima swichi kuu kabla hata ya kuziba tundu la nje la paipu, na kinachohusu nyaya zenyewe mwachie fundi mwenye leseni ya Mamlaka ya Kudhibiti Kawi na Petroli, EPRA, mwambie akuonyeshe hiyo leseni bila kuona haya.

Kwa ukuta wa nje, tundu liinamishwe kidogo kuelekea nje, mvua isije ikafuata waya hadi ndani ya soketi. Na usiwe na bidii ya kupita kiasi ukafunika nyaya nyingi zilizofungwa pamoja kwa pamba ya mawe urefu wa mita nzima. Waya unaobeba stima hupata joto na lazima upumue. Kizibo kiwe cha unene wa ukuta, basi.

Halafu kuna panya. Huyu mimi namhesabu kuwa mshirika wa moto. Meno yake hayakomi kukua, kwa hivyo lazima atafune kitu, na ganda la waya ni laini kwa meno yake. Akilivua ganda, nyaya mbili zikagusana, cheche inaruka katikati ya viota vyake alivyovijenga kwa karatasi na pamba. Anaingilia wapi? Tundu lile lile. Mama yangu mdogo huko kijijini hakuwahi kuniamini nilipomweleza habari za moshi na sheria ya Charles, lakini nilipotaja panya na nyoka alimwita fundi siku hiyo hiyo. Sikubishana naye. Simiti haijui umezibia nini.

Nyumba za zamani zina haki ya kutajwa. Kule Lamu kuta za mawe ya matumbawe na chokaa zilijengwa nene sana, na dari zake ni za boriti za mikoko. Zilisimama kabla ya stima kufika, kwa hivyo kila waya uliomo leo umeingia kwa kutobolewa. Ukuta wa namna hiyo ukitobolewa hauhitaji simiti ngumu isiyopatana nao. Chokaa yake yenyewe inatosha, nayo pia haiungui.

Sasa la malipo, ambalo ndilo lililonifanya niandike. Tundu litapata mwenyewe siku tutakapokubaliana kwamba anayetoboa ndiye anayeziba. Hilo lisemwe mapema, kabla ya tindo kugusa jiwe, wala si wakati fundi amekwisha kufunga mkoba. "Fundi, bei hiyo ni pamoja na kuziba?" Swali fupi tu. Akisema hapana, muelewane bei ya kuziba. Akisema ndiyo, bakiza kidogo cha malipo hadi upande dari na tochi umulike upande wa pili. Landilodi aulizwe hivyo hivyo kabla ya kulipwa kodi ya mwezi wa kwanza, na kijana wa intaneti aulizwe vivyo hivyo, tena yeye zaidi, maana huyo haraka yake haina mfano.

Mwisho, jinsi ya kujua kama tundu limezibika. Ngoja jioni yenye upepo. Funga milango na madirisha. Chukua ukanda mwembamba wa karatasi ya chooni, uushike kwa vidole viwili mbele ya tundu, utulie. Karatasi ikitulia nawe, hewa haipiti. Ikipepea au ikavutwa, bado kuna kazi. Mshumaa uache kabatini. Na jaribio hilo ulirudie kila fundi anapokuja na waya mpya, kwa kuwa tundu ulilolisifu mwaka jana huenda limetobolewa tena leo asubuhi, na aliyelitoboa bado hajafika stendi ya matatu.